Ruta ipi kwa kasi ipi? Uzi kwa wenye nyumba za mawe Lamu, na jirani zetu wa Malindi

FUNDI WA LANGONI

Assalamu alaikum wana jukwaa. Naufungua uzi huu kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi mjini ni "fundi, ruta gani nzuri?" na anayeuliza hajanambia kifurushi chake ni cha Mbps ngapi, wala nyumba yake imejengwa kwa nini. Bila mambo hayo mawili jibu halipo. Watu wanatoa pesa za maana kununua mashine yenye antena nane, kisha video bado inazunguka chumbani, na lawama zote zinamwendea mtoa huduma.

Tuanze na kasi. Kifurushi kinahesabiwa kwa megabiti kwa sekunde, ndiyo hiyo Mbps. Faili unazopakua zinahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo mwenye 40 Mbps akiona faili linashuka kwa megabaiti 5 kila sekunde, hajapunjwa. Amepata haki yake yote. Naliweka hili mbele kwa kuwa wapo wanaobadilisha ruta nzima kutafuta kasi ambayo tayari wanayo.

Sasa maandishi ya kwenye boksi: N300, AC1200, AX1500, AX3000. Herufi zinataja kizazi. N ni Wi-Fi 4, AC ni Wi-Fi 5, AX ni Wi-Fi 6. Namba ni kasi ya masafa ya 2.4 GHz na ya 5 GHz zikijumlishwa, ilhali simu yako ya kawaida inatumia masafa mamoja tu kwa wakati mmoja. AC1200 ni 300 upande mmoja na 867 upande wa pili. AX3000 ni 574 na 2402, na hizo 2402 zinataka simu inayoweza kushika chaneli pana ya 160 MHz, uwezo ambao simu nyingi hazina. Na hata hivyo hizo ni kasi za maabara. Ukipata nusu yake ukiwa chumba kimoja na ruta, umepata vizuri.

Kitu ambacho wauzaji hawakitaji ni tundu la kebo. Ruta nyingi za bei nafuu, hata zilizoandikwa AC1200, zina matundu ya 100 Mbps tu. Ukiwa na faiba ya 200, Wi-Fi yake iwe kali vipi, kinachoingia ndani ya ruta hakitazidi 94 au 95. Tafuta 10/100/1000 kwenye boksi. Ukiona 10/100 ikaishia hapo, hiyo ni ya mwenye kifurushi kisichofika mia.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Mwenye 10 hadi 80, AC1200 nzuri inamtosha, na kama nyumba ina simu nyingi aende AX1500. Kuanzia 100 matundu ya gigabiti ni lazima, na hapo Wi-Fi 6 inaanza kuwa na maana. N300 ya masafa ya 2.4 pekee simshauri mtu wa mjini hata kama kifurushi chake ni kidogo. Nyumba zetu zimepakana ukuta kwa ukuta, na masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Simama mtaa wa Mkomani ufungue orodha ya Wi-Fi kwenye simu uone majina yalivyojipanga. Wote hao wanagombania chaneli tatu.

Leteni hali zenu tuzijadili: kifurushi, nyumba, na watu wangapi wanatumia.

BI WA MKOMANI

Waalaikum salaam fundi. Nina faiba ya 40. Nyumba ni ya zamani, ya mawe, ghorofa mbili na kiwanda, yaani ua wa wazi, katikati. Ruta aliyoniletea mtoa huduma iko chini, nimeiweka ndani ya kidaka cha ukutani ili isisumbue. Pale chini mambo mazuri, lakini juu kwa watoto YouTube inakwama na darasa la Zoom la binti yangu linakatika kila mara. Muuzaji mmoja ameniambia ninunue AX3000 na shida itaisha. Ninunue?

FUNDI WA LANGONI

Usinunue bado, bi. Kwanza fanya vipimo vitatu. Cha kwanza, laptopu ichomekwe kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta. Cha pili, simu ikiwa hatua mbili tatu kutoka kwenye ruta, kwa masafa ya 5 GHz. Cha tatu, simu hiyo hiyo ikiwa chumbani kwa watoto. Ukipata 40, 40, kisha 3, basi ruta uliyonayo inaimudu faiba yako kikamilifu na kasi yako inafia ukutani. AX3000 itaukuta ukuta huo huo. Nguvu ya kurusha mawimbi imewekewa mpaka kisheria; ruta ya bei kubwa hairuhusiwi kurusha kwa nguvu kupita mpaka huo, hata ikiwa na antena ngapi.

Na kuta zetu si za mchezo. Ni mawe ya matumbawe kwa chokaa, unene wa nusu mita na mara nyingine zaidi, na zimevuta chumvi na unyevu wa bahari miaka na miaka. Maji yanameza mawimbi ya Wi-Fi. Masafa ya 5 GHz, ambayo ndiyo yenye kasi, ndiyo yanayoumia zaidi, ya 2.4 yanapenya kidogo lakini yanafika yamechoka. Dari nazo ni boriti, juu yake mawe na chokaa tena, kwa hiyo usitegemee kwamba ghorofa ya juu itapata mawimbi kupitia darini.

Kidaka chako hasa ndicho kinachokuumiza. Kimechongwa ndani ya ukuta: nyuma mawe, kushoto mawe, kulia mawe, juu mawe. Ruta ndani yake ina upande mmoja tu wa kutokea. Itoe. Iweke mezani au juu ya kabati karibu na mlango unaotazama kiwandani. Kiwanda ni uwazi unaopanda mpaka juu, na vyumba vya juu vina milango na madirisha yanayokitazama. Mawimbi yatapanda kwa hewa na kuingilia kwenye mbao, na kwa mbao hayana taabu. Nyumba hizi zilijengwa ili upepo na mwanga vipitie kiwandani, na Wi-Fi ipite huko huko.

Ukishaihamisha, pima tena uniambie.

MWALIMU WA BARANI

Salamu kutoka Malindi. Mimi sina faiba. Ninatumia mtandao wa redio, kuna antena juu ya paa na waya unashuka hadi kwenye ruta. Kifurushi 10 Mbps. Nyumba ni ya kawaida ya tofali, mawimbi yanafika kila chumba. Shida yangu: mtoto mmoja akianza kupakia video zake, mimi kwenye Zoom nakatika kabisa, sauti inaganda. Nikipima wakati hakuna anayetumia, napata 10 zangu zote. Ninawaza kununua Wi-Fi 6.

FUNDI WA LANGONI

Mwalimu, Wi-Fi 6 haitaigusa shida yako, maana kwako kasi haipotei hewani. Inapotea kwenye foleni. Video inayopakiwa inajaza njia ya kwenda, na ruta nyingi zinapanga kila kitu kwenye mstari mmoja mrefu. Ni kama gatini Mokowe, mwenye magunia akitangulia kwenye ngazi, wewe mwenye mkoba mmoja unamsubiri mpaka amalize, ingawa ulikuwa unapita kwa nukta moja.

Wewe unahitaji ruta yenye mpangilio wa foleni, ambao kwenye mipangilio umeandikwa QoS, na zilizo bora zaidi SQM. Unaiambia kasi yako ni ngapi ya kuja na ngapi ya kwenda, unaweka pungufu kidogo ya ile unayopima, kama asilimia 90 hivi, nayo inahakikisha Zoom inapita hata video ikipakiwa. Utaonekana umejipunguzia kasi, lakini sauti haitaganda. Kwa 10 Mbps hata ruta ndogo ya AC1200 inaifanya kazi hii bila kuchoka, mradi mpangilio huo uwemo. Uliza kabla hujalipa.

Kwa kipimo tu: video ya kiwango cha juu cha kawaida kwenye Netflix inataka kama 5 Mbps, ya 4K inataka kama 15. Kwa hiyo 10 yako inabeba tivi moja na darasa lako, ikipangwa.

MWALIMU WA BARANI

Shukran fundi. Nimetazama ruta niliyonayo, kwenye mipangilio kuna QoS, ilikuwa imezimwa. Nimeiwasha, nimeweka 9 kuja na 4 kwenda kwa kuwa yangu ya kwenda ni 5. Mtoto anapakia sasa hivi na mimi nimempigia dada yangu Mombasa kwa video, hatujakatika.

BI WA MKOMANI

Fundi nimerudi. Vipimo vilikuwa 39, 38, na juu 3, kama ulivyosema. Nimeitoa ruta kidakani, nimeiweka juu ya kabati mkabala na mlango wa kiwanda. Chumba cha watoto sasa 21 hadi 24. Binti amesoma leo mwanzo mpaka mwisho. Ila chumba cha nyuma, cha mama, kisichokitazama kiwanda, bado hakipati kitu. Niweke kile kifaa cha kuchomeka ukutani cha kurudia mawimbi?

FUNDI WA LANGONI

Alhamdulillahi kwa watoto. Kwa chumba cha mama, kile cha kuchomeka ni njia ya mwisho. Mara nyingi kinapokea na kurusha kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi inagawika nusu kabla hata ya ukuta kuchukua sehemu yake. Na ukikichomeka mle chumbani ambamo hakuna mawimbi, kitarudia nini?

Vuta kebo kutoka ruta ya chini mpaka chumbani kwa mama, na mwisho wake uweke ruta ya pili ndogo iliyowekwa hali ya AP, yaani isigawe anwani za mtandao kwa vifaa, irushe Wi-Fi tu. Ruta yoyote ya AC1200 inatosha, hata iliyotumika, alimradi haijafungwa na mtoa huduma wake wa zamani. Ipe jina na neno la siri lile lile la ruta ya chini, simu zitajihamishia zenyewe.

KIJANA WA SHELA

Fundi nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Mimi nina nyumba ya wageni Shela, faiba ya 100. Unawaambia watu wanunue ndogo ndogo, mwakani wanapandisha kifurushi wanaanza upya. Wi-Fi 7 imeanza kuidhinishwa tangu 2024. Nunua kubwa moja, miaka mitano husumbuki. Hapa wageni wakijaa simu na laptopu zinafika thelathini, ndogo haiwezi.

FUNDI WA LANGONI

Kuhusu wingi wa vifaa uko sahihi, na ni jambo ambalo kasi ya kifurushi peke yake haikuambii. Vizazi vya nyuma kwa kawaida vinahudumia kifaa kimoja kimoja kwa zamu. Wi-Fi 6, ambayo imeanza kuidhinishwa 2019, inaweza kugawa zamu moja kwa vifaa kadhaa. Kwa nyumba ya wageni yenye simu thelathini, nakuunga mkono: usishuke chini ya Wi-Fi 6.

Lakini ile kubwa moja siikubali. Fahari ya Wi-Fi 7 ni chaneli pana mno za masafa ya 6 GHz, na masafa hayo yanapenya ukuta vibaya kuliko hata ya 5. Shela kuta ni zile zile za Lamu. Ukiiweka mapokezi, mgeni wa ghorofa ya tatu atapata 2.4 tu, sawa na angepata kwa ruta ya bei ya robo yake. Na simu alizokuja nazo mgeni nyingi bado hazina Wi-Fi 7. Kwa pesa hiyo hiyo weka AX1500 tatu zenye matundu ya gigabiti, moja kila ghorofa, zote kwa kebo. Ya juu kwenye makuti itawafikia wote walioketi kule, maana makuti makavu hayazuii kitu. Tengeneza Wi-Fi ya wageni peke yake, tofauti na ile ya malipo na kamera, na mwekee kila mgeni kikomo cha kasi ili mmoja asimeze zote 100.

Ukipandisha kifurushi kesho kuwa 500, matundu ya gigabiti yanakubeba. Hapo ndipo pa kuangalia mbele, kwenye matundu na kebo.

KIJANA WA SHELA

Hapo kwenye kebo umenigusa. Kebo tayari ninazo, nilivuta mwaka juzi. Lakini ya ghorofa ya pili nikipima napata 94 hata nikifanya nini, na siku nyingine inashuka mpaka 10. Ruta zote mbili zina gigabiti.

FUNDI WA LANGONI

94 ni alama ya wazi. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Ya 100 inahitaji jozi mbili tu. Jozi moja ikikatika au kichwa kikishika kutu, vifaa vinajishusha vyenyewe mpaka 100 na unabaki na 94. Ikishuka 10, jua hata zile mbili zimeanza kuchoka.

Kata kichwa kimoja, toa waya mmoja mwembamba, ukwangue kwa kisu. Ukiwa shaba halisi, utakuwa mwekundu ndani na nje. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hewa yetu ya chumvi inaila haraka. Angalia pia meno ya dhahabu ya kichwa: yakiwa na ukungu wa kijani, kichwa hicho kimekwisha. Nunua kebo ya Cat5e ya shaba tupu, inabeba gigabiti mpaka mita 100, na Shela nzima hakuna nyumba ya urefu huo. Inayopita nje iwe ile nyeusi ya kuhimili jua.

KIJANA WA SHELA

Nimekwangua. Mweupe ndani.

NAHODHA WA MOKOWE

Wakubwa, mimi niko bara, Mokowe. Natumia Starlink, intaneti ya setilaiti, tangu mwaka jana na umeme wangu ni wa sola. Kasi ni nzuri sebuleni, mia na zaidi, lakini banda la kazi liko upande wa pili wa ua na halipati. Nibadilishe ruta iliyokuja nayo? Na pili, usiku betri inaisha.

FUNDI WA LANGONI

Nahodha, ruta iliyokuja na sahani ina kasi ya kutosha, usiitupe. Banda lako likiwa na kuta au paa la mabati, mawimbi yanagonga na kurudi, chuma hakipenywi. Vuta kebo mpaka bandani uweke AP yake. Kama sahani yako ni ile ya mstatili ya toleo la pili, ruta yake haina tundu la kebo, unanunua adapta yake kando. Toleo la tatu lina matundu mawili tayari. Ukitaka kutumia ruta yako mwenyewe kwa kila kitu, kwenye programu yao kuna hali ya kuipita ruta yao. Iwashe, la sivyo utakuwa na ruta mbili zinazogawa anwani, na kamera na michezo ya watoto itakusumbua.

Kuhusu betri, ruta si mlaji. Ruta ya kawaida inakula wati 10 hivi. Sahani ya kawaida ya Starlink inakula 75 hadi 100, usiku na mchana. Kuna ratiba ya kulala kwenye programu yao, iweke saa ambazo nyumba imelala.

MWALIMU WA BARANI

Na sisi tulio na umeme wa gridi, unaokatika jioni? Kasi yote hiyo inakufa kwa dakika tatu za giza, halafu ruta inachukua muda kuamka.

FUNDI WA LANGONI

Nunua UPS ndogo ya ruta, yaani kifaa cha umeme wa akiba, ile ya betri ya lithiamu. Kabla ya kununua, geuza adapta ya ruta yako usome: mara nyingi ni 12V na 1A au 1.5A, lakini zipo za 9V. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea za UPS ziwe sawa au zaidi. Na kisanduku cha faiba au kile kinacholisha antena ya paani nacho kinahitaji moto wake, kwa hiyo chagua UPS yenye matundu mawili. Ruta ikiwaka huku kisanduku kimezima, Wi-Fi utaiona na intaneti hutaipata. Kwako wewe mwenye redio, angalia volti za kile kinacholisha antena. Nyingi ni 24V.

Niongeze jingine kwa wote. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikawa polepole, na wiki hiyo watu wakanipigia simu niwauzie ruta mpya. Kipimo cha kwanza, cha kebo, kikiwa kibovu, shida iko nje ya nyumba yako. Mpigie mtoa huduma, pesa yako ibaki mfukoni.

BI WA MKOMANI

Fundi, swali la mwisho. Mwanangu amekuja na drili, anataka kutoboa ukuta wa chumba cha mama kupitisha kebo. Namzuia au namwacha?

FUNDI WA LANGONI

Mzuie, bi. Ukuta wa matumbawe ukiutoboa kwa drili ya kupiga, chokaa ya ndani inamwagika na tundu linazidi kupanuka, na msumari wa drili wenye kufika ng'ambo ya nusu mita si wa kila fundi. Halafu mji wetu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Ukuta wa nje usiuguse wala usitundike waya juu yake bila kuwauliza watu wa makumbusho.

Ipandishe kebo kwa ngazi, uibane pembeni mwa vidato, kisha ipite juu ya fremu ya mlango wa mama. Fremu ni mbao, hapo tundu la milimita 8 linatosha, kabla kichwa hakijafungwa. Kwa nyumba kama yako mita 15 zinafika. Chukua 20 usiikunje kwenye kona. Mwanao akikwama kufunga kichwa, aniletee hapa Langoni baada ya Asri, nitamfungia.